SOMO LA AFYA: Kikohozi cha mlezi nacho kiandikwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kina mama huwa tayari wamefika mlangoni pa kituo cha kulea watoto. Mmoja anawahi kibarua cha kufua, mwingine anawahi matatu ya kwenda sokoni. Mtoto hukabidhiwa pamoja na mkoba wenye nepi, chupa ya uji na leso. Mama akisema mtoto alikohoa usiku, mlezi husikiliza, na katika vituo vilivyo makini jambo hilo huandikwa. Mlezi mwenyewe akikohoa, hakuna anayeuliza.

Somo la toleo hili linahusu swali hilo lisiloulizwa. Linawahusu wenye vituo vya kulea watoto, wasimamizi wa makao ya watoto na walimu wa chekechea. Linawahusu pia wazazi, kwa sababu wao ndio wanaolipa na ndio wenye uwezo wa kufanya jambo hili liwe rahisi au gumu kwa mlezi.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto mikononi mwa serikali za kaunti, pamoja na huduma za afya za kaunti. Ndiyo maana afisa wa afya ya umma anapofika kituoni kukagua choo, maji na jikoni, si ajabu akiuliza pia kuhusu afya ya wafanyakazi. Cheti cha afya ambacho wapishi hutakiwa kukipata upya kila baada ya miezi 6 ni kitu kizuri, lakini huonyesha hali ya mtu siku aliyopimwa. Hakisemi lolote kuhusu kikohozi kilichoanza wiki tatu baadaye.

Kwa nini mtu mzima

Mtoto wa miezi minne hatembei. Kikohozi humfikia kikiletwa na mtu. Katika kituo, mtu huyo anaweza kuwa mtoto mwenzake, lakini anayembeba, anayemlisha, anayempangusa kamasi na kumbembeleza mpaka alale ni mlezi, na mlezi huyo huyo hufanya hivyo kwa watoto wengine wanne au watano mfululizo. Hakuna mtu mwingine kituoni anayekaribiana uso kwa uso na watoto wengi hivyo kwa siku moja.

Kuna ushahidi wa hapa hapa Kenya. Mwaka 2009 na 2010, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walifuatilia familia za mashambani Kilifi na kuchukua sampuli za pua za watu wote nyumbani mara kwa mara, wakitafuta virusi viitwavyo RSV, ambavyo ni chanzo kikubwa cha nimonia kwa watoto wachanga. Walikuta kwamba watoto wachanga wengi waliambukizwa na watu wa nyumba yao, hasa kaka na dada zao wakubwa. Baadhi ya waliokuwa na virusi hawakuwa na dalili yoyote, na mtu akiwatazama angesema ni wazima kabisa. Utafiti huo ulihusu nyumba, si vituo, lakini funzo lake linahama vizuri: ukitaka kumkinga mtoto mchanga, waangalie walio karibu naye.

Uzito wa jambo lenyewe si wa kubahatisha. Nimonia iliua zaidi ya watoto 700,000 wa chini ya miaka 5 duniani mwaka 2019, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Kinachoanza kama mafua ya kawaida kwa mtu wa miaka thelathini, anayekunywa chai ya tangawizi na kuendelea na kazi, kinaweza kumfikisha mtoto wa miezi mitatu kwenye oksijeni.

Hesabu moja inafaa kufanywa polepole. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3, yaani takribani wiki 13. Chanjo ya kumkinga mtoto dhidi ya kifaduro hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mama aliyemaliza likizo yake na kurudi kazini kwa wakati anaweza kumpeleka mtoto kituoni kabla dozi ya tatu haijatolewa. Mama asiye na mwajiri hurudi mapema zaidi, wengine mtoto akiwa na mwezi mmoja. Kifaduro kwa mtu mzima mara nyingi huonekana kama kikohozi kisichoisha tu, bila ule mlio wa kuvuta pumzi ambao wazee wanaukumbuka. Mlezi wa namna hiyo akiwa chumba cha wachanga, mtoto ambaye chanjo zake hazijakamilika yuko mapajani pake.

Kisha kuna kifua kikuu. Watoto wadogo wenye ugonjwa huu kwa kawaida hawauenezi. Wao huupata kutoka kwa watu wazima, kupitia hewa ya chumba. Chanjo ya BCG inayotolewa mtoto anapozaliwa huwakinga dhidi ya aina kali za ugonjwa, hasa ule unaoshambulia utando wa ubongo, lakini haimzuii mtu mzima kuugua na kuambukiza. Uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba takriban wagonjwa 4 kati ya 10 hawakuwa wakigunduliwa, na wengi waliokuwa na dalili hawakuwa wametafuta matibabu. Wengi wa watu hao walikuwa wakiendelea na kazi zao kama kawaida.

Daftari lenyewe

Kufuatilia maradhi ya kupumua hakuhitaji mashine wala kompyuta. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha mwaka mzima kwa kituo kidogo. Kila mfanyakazi hupewa nambari, na orodha inayoonyesha nambari ipi ni ya nani huwekwa mahali pengine panapofungwa. Asiachwe mtu: mpishi, bawabu anayepokea watoto, mfuaji wa nepi, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo, na mwenye kituo mwenyewe. Huyo wa mwisho ndiye husahaulika zaidi.

Kila asubuhi kabla ya kupokea watoto, maswali huulizwa kwa sauti ya kawaida, faraghani. Je, una kikohozi? Kimeanza lini? Una homa au ulikuwa nayo usiku? Una mafua au koo linauma? Unapumua kwa shida? Nyumbani kuna mtu anayekohoa? Mara moja kwa wiki, maswali mengine huongezwa: unatoka jasho jingi usiku, umepungua uzito, umewahi kukohoa damu? Jibu ni ndiyo au la, na tarehe. Mtu asiyefika kazini huandikwa pia pamoja na sababu, kwa kuwa wagonjwa wengine ndio hao ambao hawapo.

Ukurasa wa pili wa siku hiyo ni wa watoto: wangapi wana kikohozi, wangapi wana homa, kutoka chumba gani. Kurasa hizo mbili zikae zikitazamana. Hapo ndipo daftari huanza kusema.

Chukua mfano wa kituo chenye walezi wanne, mpishi mmoja na watoto 26. Nambari 1 na nambari 2 wako chumba cha wachanga. Nambari 3 na nambari 4 wako na watoto wanaotembea. Nambari 5 ni mpishi.

Jumatatu wote wanajibu la, isipokuwa nambari 5, ambaye amejibu ndiyo kwa kikohozi tangu wiki mbili zilizopita. Kila mtu anajua ni moshi wa jiko. Jumanne nambari 2 ana mafua, koo linamwasha, hana homa. Anaendelea na kazi. Jumatano nambari 2 ana homa na mwili unauma, anarudishwa nyumbani. Alhamisi nambari 1 anakohoa, na katika ukurasa wa watoto, wachanga watatu wana kamasi na mmoja ana homa. Ijumaa nambari 1 hayupo.

Akitazamwa mmoja mmoja, hakuna cha kushtua. Mafua yapo kila mahali. Lakini wafanyakazi wawili wa chumba kimoja kuugua ndani ya siku mbili, pamoja na watoto wa chumba hicho hicho, si matukio mawili tofauti tena. Alhamisi hiyo ndiyo siku ya kumpigia simu mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji au afisa wa afya ya umma wa wadi, kabla wikendi haijawatawanya watoto 26 makwao kwa nyanya, shangazi na ndugu wachanga. Ndiyo siku ya kuacha kuwahamisha walezi kutoka chumba kimoja hadi kingine, ingawa upungufu wa watu hushawishi kufanya hivyo. Mlezi nambari 3 akiitwa kusaidia chumba cha wachanga Ijumaa kisha arudi kwa wake Jumatatu, kituo kizima kimeunganishwa.

Kutoka hapo taarifa ina njia yake. Afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo hupokea ripoti za vituo vya afya kila wiki, na kundi la watu wanaougua maradhi makali ya kupumua mahali pamoja hutakiwa kuripotiwa bila kusubiri wiki iishe. Simu ya kituo cha watoto inaweza kumfikia siku kadhaa kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia zahanati.

Sasa, msomaji makini atakuwa amemsahau mpishi. Ndivyo inavyokuwa pia vituoni. Mafua ya chumba cha wachanga yalikuja kwa kelele na baada ya siku kumi yatakuwa yamepita. Mstari wa nambari 5 ulikuwa umeandikwa ndiyo kila siku tangu kabla ya hayo yote, na kwa sababu ulikuwa umezoeleka hakuna aliyeusoma. Huo ndio mstari wa hatari zaidi katika daftari hilo.

Kikohozi kilichozoeleka

Kwa miaka mingi wananchi walifundishwa kwamba kikohozi cha wiki mbili ndicho cha kupimwa kifua kikuu. Siku hizi, katika uchunguzi unaofanywa kwenye vituo vya afya nchini, mtu huulizwa kama ana kikohozi cha muda wowote. Hakuna haja ya kuhesabu siku ili ufikie kiwango fulani, hasa kwa mtu anayekaa na watoto.

Moshi ni kweli hukohoesha. Jiko la makaa au kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha huumiza kifua cha mpishi na cha watoto vilevile, na mtu mwenye pumu hupata shida zaidi. Lakini moshi haumkingi mtu na kifua kikuu, na maelezo ya moshi hayapaswi kuchukua nafasi ya kipimo. Mpishi apimwe kwanza. Akikutwa hana kifua kikuu, basi jiko lihamishwe nje au chini ya paa lililo wazi, kisha daftari lioneshe kama kikohozi kimepungua.

Kipimo chenyewe si cha kuogopesha. Mtu hutoa makohozi kwenye kikopo, na mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa takriban saa mbili tangu sampuli kuingizwa, ingawa pale ambapo sampuli husafirishwa kutoka zahanati ndogo mtu husubiri zaidi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Kifua kikuu cha kawaida cha mapafu hutibiwa kwa miezi 6, na wagonjwa wengi huacha kuambukiza baada ya wiki chache za kwanza za kutumia dawa vizuri. Siku ya kurudi kazini huamuliwa na kliniki, si na mwenye kituo wala wazazi. Watoto waliokaa na mgonjwa huchunguzwa, na wale wa chini ya miaka 5 ambao hawajaugua hupewa dawa ya kuzuia.

Kinachochelewesha haya yote mara nyingi ni kemisti. Mlezi hununua dawa ya maji ya kikohozi, wiki inayofuata hununua vidonge vya antibayotiki alivyoelekezwa na jirani, wiki ya tatu hubadilisha aina. Virusi vya mafua haviuawi na antibayotiki, na kifua kikuu hakiponi kwa vidonge vya siku tano. Muda ndio unaopotea.

Anayeficha ana sababu

Daftari lolote litakuwa na majibu ya la kutoka juu hadi chini iwapo ndiyo inamaanisha kukosa chakula cha jioni. Hapa ndipo mipango mingi mizuri huvunjikia. Mlezi anayelipwa kwa siku akisema ana homa, anarudishwa nyumbani bila kitu. Kesho atasema yuko salama, atameza dawa ya maumivu ishushe joto kabla ya kufika, na kituo kitakuwa kimemfundisha kudanganya.

Sheria ya Ajira inasema mfanyakazi aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo na mwajiri wake ana haki ya angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa malipo kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu malipo, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, hivyo msimamizi anayetangaza mbele ya wazazi kwamba “anti fulani ana TB” hajawasaidia watoto. Wazazi wana haki ya kuambiwa kwamba kuna ugonjwa kituoni, ni ugonjwa gani na wafanye nini. Jina si lao.

Hata hivyo, ukweli usemwe. Vituo vingi vya mitaani vinaendeshwa na mama mmoja ndani ya chumba chake mwenyewe, akiwa na watoto kumi au kumi na watano. Hana mwajiri wa kumpa likizo. Akifunga siku tatu hana kodi ya nyumba, na kina mama wa watoto hao hawana pa kuwaacha. Likizo ya ugonjwa ya Sheria ya Ajira haimfikii. Kinachoweza kumfikia ni makubaliano yanayofanywa mapema, siku ambayo hakuna mgonjwa: wazazi wakutane naye, wakubaliane juu ya mtu mmoja anayejulikana na kuaminika wa kushika nafasi yake, na kwamba sehemu ya ada ya siku hizo itaendelea kulipwa. Kiasi ni cha wao kupatana. Mzazi anayeona hilo ni gharama kubwa alinganishe na nauli, dawa na siku za kazi zinazopotea mtoto akilazwa kwa nimonia.

Lugha ya kila siku nayo ina uzito. Kumwambia mlezi “Mama Njeri, usituletee magonjwa hapa” humfunga mdomo yeye na wenzake wote waliosikia. Kumwambia “Mama Njeri, pole, kikohozi kilianza lini?” humfanya aseme Jumapili, na Jumapili ni tarehe ambayo kliniki itaihitaji.

Yanayobaki

Daftari halioni kila kitu. Kama ilivyoonekana Kilifi, mtu anaweza kubeba virusi bila dalili, kwa hiyo madirisha na maji yanabaki kuwa kazi ya kila siku. Miezi ya Juni hadi Agosti, baridi inapokaza, watu hufunga kila tundu ili watoto wasipigwe na upepo, na hewa moja huzunguka chumbani tangu asubuhi hadi jioni. Afadhali mtoto avalishwe sweta na dirisha libaki wazi. Mikono ya mlezi ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kila kamasi. Mtungi wenye mfereji kando ya mlango hutosha, beseni moja la wote halifai. Mlezi mwenye mafua madogo ambaye hana homa na hana wa kumbadilisha avae barakoa na asiwekwe chumba cha wachanga.

Na mtoto anapobadilika, asingojewe mzazi atoke kazini. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 anayepumua mara 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Aliye chini ya miezi 2 huhesabiwa kuanzia mara 60. Hesabu hufanywa akiwa ametulia, halii, kwa dakika nzima ya saa. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali hapo hapo, na mzazi apigiwe simu njiani.

Mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lako anaweza kukuonyesha namna ya kuhesabu pumzi na kupiga mistari ya daftari. Kituo kikiwa na nambari yake ya simu, iandikwe kwenye jalada la ndani, pamoja na ya zahanati iliyo karibu na ya afisa wa afya ya umma wa wadi. Jina la mwenye kituo liingie kwenye mstari wa kwanza, nambari 1, naye awe wa kwanza kujibu kila asubuhi, wengine wakisikia.